Kidonge cha kifafa kisisubiri mashine

Tangu Hans Berger wa Ujerumani atangaze mwaka 1929 kwamba umeme wa ubongo unaweza kunaswa kutoka juu ya ngozi ya kichwa, madaktari wamekuwa wakiisaka alama ya kifafa kwenye michoro ya kipimo hicho, kinachojulikana hospitalini kama EEG. Alama ya siku nyingi ni mwiba, yaani mstari unaochomoza ghafla na kushuka. Alama inayozungumzwa sasa ni mitetemo ya kasi, inayopiga mara 80 hadi 500 kwa sekunde na kutoweka kabla jicho halijapepesa. Kwanza ilinaswa kwa waya zilizopitishwa ndani ya ubongo. Kisha watafiti wa Japani, mwaka 2010, na wa Montreal, Kanada, mwaka 2011, wakaonyesha kwamba sehemu yake inanaswa hata juu ya ngozi, bila kupasua fuvu. Ni sayansi ya kweli na inastahili heshima. Hoja yangu ni kwamba sayansi hiyo inajibu swali la mgonjwa anayetafutiwa mahali pa kupasuliwa, wakati wagonjwa wengi wa Babati na vijiji vyake bado wana swali la kwanza kabisa: kidonge kiko wapi?

Tuitazame alama yenyewe. Fuvu huudhoofisha umeme wa ubongo, na mitetemo hii ni hafifu tangu mwanzo. Mgonjwa akikaza taya au kukunja paji la uso, misuli yake hutoa umeme wa kasi hiyohiyo, ndiyo maana watafiti hupendelea kuitafuta mgonjwa akiwa usingizini. Mashine nayo lazima isome zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, ilhali nyingi za kawaida husoma mara mia chache tu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha: ubongo wenye afya nao hutoa mitetemo ya kasi. Mwaka 2022, watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 78 waliofanyiwa upasuaji wa kifafa. Ubongo ukiwa wazi, nusu ya wagonjwa walipasuliwa kwa kufuata mitetemo ya kasi, nusu kwa kufuata miiba ya zamani. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hawaanguki tena walikuwa 26 kati ya 39 upande wa mitetemo, na 35 kati ya 39 upande wa miiba. Alama mpya haikuishinda ya zamani hata pale ilipopimwa juu ya ubongo wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya aliyeshuhudia: mgonjwa alianzaje, macho yalielekea wapi, alikakamaa au alitetemeka, alijikojolea, aliamka akijua alipo? EEG husaidia, lakini kipimo kimoja kikitoka safi hakimtoi mtu kwenye kifafa. Simu ya jirani iliyorekodi dakika mbili za tukio yaweza kumfaa daktari kuliko mchoro uliochukuliwa siku mgonjwa ametulia. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Huko Nakuru, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliwatumia watumishi wa afya ya msingi kutoa fenobabitoni, dawa inayotumika tangu mwaka 1912, au kabamazepini. Zaidi ya nusu ya waliomaliza matibabu hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho. Lakini wilayani Hai, jirani zetu wa Kilimanjaro, watafiti walikuta zaidi ya theluthi mbili ya wenye kifafa hawatumii dawa. Hao ndio wanaoangukia kwenye mafiga.

Mkoa wetu una sababu nyingine ya kupanga vipaumbele upya. Katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, wagonjwa 212 wa kifafa walipigwa picha za CT, na zaidi ya mmoja kati ya kila sita alikuwa na alama za vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Wengi hulaumu kitimoto, na ni kweli nyama isiyoiva humpa mlaji tegu tumboni. Ila vifuko vya ubongoni hutokana na mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, yakafika kinywani kwa mikono, maji au mboga. Hata asiyegusa nguruwe maishani mwake anaweza kuugua. Choo, banda la kufungia nguruwe na mkaguzi wa nyama vinazuia kifafa ambacho mtetemo wa kasi ungekuja kukitangaza kikiwa kimeshaingia.

Wapo watakaosema huku ni kuwaambia maskini watosheke na vya kale. Sivyo. Mtoto ambaye dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimemshinda ana haki ya kupelekwa kwa bingwa na kupimwa kwa kila chombo kilichopo, na hospitali inayonunua EEG leo ichague inayosoma kwa kasi, ili isipitwe kesho. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bila kipimo tutawapa dawa watu waliozimia tu, au watoto wa degedege la homa. Hatari hiyo ipo, ila mashine pekee haiiondoi, kwa kuwa hata mtu asiye na kifafa huweza kuonyesha mwiba kwenye mchoro. Kinachoiondoa ni mganga aliyefunzwa kuuliza, na mgonjwa anayerudi kuonwa tena.

Ndiyo maana, bajeti ya afya inapojadiliwa, ningeanza na daftari la zahanati. Nani alichukua dawa mwezi uliopita na mwezi huu hakuonekana? Je, aliikuta imekwisha? Swali hilo lina uzito, kwa kuwa dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta mishtuko ya mfululizo inayoua. Mhudumu wa afya mwenye daftari hilo na baiskeli anaweza kumfuata aliyekosekana kabla ya jua kuzama nyuma ya Ziwa Babati.