Msumeno Wenye Meno Upande Mmoja

Kila mjadala wa bomoabomoa unapozuka Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kukutajia jengo la TANESCO, shirika la umeme la umma, pale Ubungo. "Hata Serikali ilivunja la kwake," atasema, kisha atakupigia msumari wa mwisho: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni hoja inayonyamazisha daladala nzima. Na ni hoja mbovu.

Novemba 2017, Rais John Magufuli aliagiza jengo la makao makuu ya TANESCO na lile la Wizara ya Maji, yote ya Ubungo, yawekwe alama ya X ya kubomolewa kwa kuwa yameingia kwenye hifadhi ya barabara na yanakwamisha ujenzi wa barabara za juu. Haikuchukua muda TANESCO ikaanza kubomoa sehemu ya jengo lake. Picha zikasambaa, watu wakashangilia.

Walioshangilia walikuwa na kumbukumbu ya karibu. Mwaka huohuo matingatinga yalikuwa yamepita kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ambako hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Waliokuwa ndani ya mita hizo waliambiwa ni wavamizi, hakuna fidia. Kwa hiyo kubomolewa kwa TANESCO kukawa jibu la kilio chao: mnaona, hata wakubwa wameguswa.

Wakubwa gani hao? Jengo la shirika la umma halina mwenyewe anayelala nje likivunjwa. Mfanyakazi alihamishiwa meza kwingine na mshahara wake ukaingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Mstaafu aliyezika kiinua mgongo chake kwenye tofali za Kimara yeye aliwahi kung'oa mabati, milango na nondo za madirisha kabla tingatinga halijafika, akapanga mali yake kando ya barabara, akaanza kutafuta chumba cha kupanga. Kuwaweka hawa wawili kwenye mizani moja na kuita hiyo haki ni dhihaka.

Kisha tuulize lile jengo lilifikaje pale. Halikuota usiku kama uyoga. TANESCO kuwa Ubungo kulikuwa na mantiki: huko ndiko njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Kidatu inakoingilia jijini, na ndiko gesi ya Songo Songo ilikoanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Lakini shirika lile lina wahandisi, lina wanasheria, na ramani za barabara ziko serikalini kulekule. Kama mpaka wa barabara uliweza kulipita shirika lenye nyenzo zote hizo, mwalimu wa Mbezi aliyeuziwa kiwanja mbele ya mjumbe wa nyumba kumi angeujulia wapi? Na ni TANESCO hiyohiyo iliyosimamisha nguzo na kufunga mita kwenye nyumba za "wavamizi" bila kuuliza mita 121.5 zinaishia wapi.

Msumeno unaokata pande zote ungeanza na aliyeidhinisha. Nani alipitisha ramani ya jengo la umma ndani ya hifadhi ya barabara? Nani aliidhinisha malipo ya ujenzi? Maswali hayo yalifukiwa na makofi.

Sibishi kwamba barabara za juu zilihitajika. Aliyewahi kukwama kwenye mataa ya Ubungo jioni hawezi kubisha. Zilizinduliwa Februari 2021 zikapewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki siku chache kabla, na leo magari ya Morogoro, Mandela na Sam Nujoma yanapishana bila kugombana. Lakini faida ya barabara haifanyi ubomoaji ule kuwa ushahidi wa usawa.

Tena fuatilieni fedha. TANESCO ikivunja ukuta wake na kutafuta ofisi kwingine, gharama inatoka kwenye mfuko wa shirika, na mfuko huo unajazwa na wateja. Yule mstaafu wa Kimara sasa ni mpangaji, na bado ananunua umeme wa luku. Nyumba yake ilibomolewa kwa hasara yake, na ukuta wa TANESCO ameuchangia pia.