Msomi Naye Huhadaiwa

Ewe msomaji kijana, wanafunzi wengi wasomapo tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na kuitengeneza upya mwaka 1969, huandika katika insha zao kwamba raia wa Roma walikuwa wajinga. Walimshangilia Brutus, na muda si muda wakageuzwa na Antony. Hukumu hiyo naikataa. Ni nyepesi, tena ni ya hatari, maana humfanya mwenye elimu ajione yu salama.

Tazama mwenendo wa hadithi. Kabla raia hawajahadaiwa, alihadaiwa Brutus, bwana mstahifu apendaye vitabu. Cassius alitunga barua kwa miandiko mbalimbali, akaagiza zitupwe dirishani mwake, ili azidhani kuwa ni kilio cha watu wengi. Brutus akasoma barua isiyo na jina, akayakamilisha mwenyewe maneno yaliyopunguka, akaiahidi Roma kwamba atatenda. Hakuuliza imetoka kwa nani.

Caesar naye, mtawala mkuu, aliazimia kukaa nyumbani kwa sababu ya ndoto mbaya ya mkewe, Calpurnia. Decius akaigeuza ndoto ile kuwa sifa, akamwambia kwamba Baraza limekata shauri kumpa taji siku hiyo. Caesar akakubali kuvikwa kilemba cha ukoka, akatoka kwenda kuuawa.

Basi raia wamewazidi nini hao kwa ujinga? Antony aliwaonyesha vazi lililotobolewa na maiti yenye majeraha, akawasomea wasia unaompa kila mmoja drakma 75. Wakachukua vijinga vya moto wakachome nyumba za wauaji. Wakamshambulia mshairi Cinna kwa sababu ya jina lake tu, ingawa aliwaambia kwamba yeye siye. Uovu huo siutetei. Lakini kumbuka kwamba baadaye, faraghani, Antony yule yule aliagiza wasia uletwe, itafutwe njia ya kupunguza malipo yake. Machozi ya raia yalikwisha kumfaa.

Mhadaaji hakutafuti katika ujinga wako. Hukutafuta katika kile ukipendacho. Brutus alipenda heshima, akanaswa kwa heshima. Caesar alipenda ukuu, akanaswa kwa ukuu. Raia walimpenda aliyewakumbuka, wakanaswa kwa mapenzi hayo. Vyeti vya shule havizibi mlango huo.

Kwa hiyo, neno likupendezapo mno, ndipo uliulize: Nani amelitoa? Atapata faida gani nikilitii? Mbona anataka nitende sasa hivi? Brutus alikuwa na usiku mzima wa kuuliza maswali hayo. Hakuuliza hata moja, na kulipokucha akashika kisu.