"Mtandao uko chini": Upi, wa baharini au wa chini ya meza?

Unatoka Mutuka asubuhi, unalipa bodaboda mpaka Babati mjini, unakaa kwenye benchi la ofisi. Zamu yako ikifika, mhudumu anabonyeza kibodi mara mbili tatu, kisha anakuangalia kwa huruma. "Mtandao uko chini. Jaribu kesho."

Lakini simu yako inaingiza meseji za WhatsApp kama kawaida. Sasa uko chini mtandao gani?

Swali hili ni dogo, ila lina nauli ndani yake. Siku hizi malipo mengi ya Serikali yanapitia mfumo wa GePG: unapewa namba ya malipo, unalipia benki au kwenye simu. Umeziba mianya ya fedha kupotea dirishani, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kompyuta ya ofisi isipofika kwenye mfumo, hupati namba, na hakuna mtu wa kukupokelea hela mkononi. Unarudi nyumbani.

Kuna siku mtandao unakuwa chini kweli. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliutangazia umma kwamba shida iko kwenye nyaya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku ile hata bando lako lilikuwa halina kazi. Watu walikasirika, lakini walijua kilichotokea.

Mtandao wa ndani ya ofisi ni kitu kingine. Ni kompyuta, printa, labda na seva, zilizounganishwa kwa waya kwenye kiboksi kinachoitwa swichi, na swichi imeungwa kwenye ruta inayotoka nje. Kikiharibika kitu hapo katikati, intaneti ya nchi nzima inaweza kuwa nzima kabisa na wewe bado ukaambiwa uje kesho.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja. Intaneti ikigoma, tuma karatasi kwenye printa inayotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao. Ikichapa, mara nyingi ndani kuko salama, mpigie mtoa huduma. Isipochapa na yenyewe imewaka, anza kukagua ndani. Mimi nimesomea uandishi wa habari, si kompyuta, na jambo hili nililielewa kwa kumsumbua fundi mmoja mpaka akachoka.

Kinachotesa ni mtandao unaokata na kurudi. Ukikata moja kwa moja fundi anaona kosa. Ukikata dakika kumi halafu ukarudi, akifika kila kitu kinafanya kazi, anazima na kuwasha ruta, anaondoka. Kesho yake tena.

Dawa ya kwanza haina gharama: daftari. Andika saa uliyokata, kompyuta zipi, na umeme ulikuwaje. Baada ya wiki daftari linaanza kuongea.

Ikiwa inakata kompyuta moja tu, tafuta waya wake, kichwa cha waya kilicholegea, au kadi yake ya mtandao. Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta kuzima kadi hiyo ili kubana umeme, na wakati mwingine kadi haiamki vizuri. Unaondoa tiki, basi. Wakikata chumba kizima kwa pamoja, mtuhumiwa ni swichi. Umeme ukicheza sekunde mbili, kompyuta mpakato zinaendelea kwa betri zake, lakini swichi isiyo na betri ya akiba inazima na kuanza upya, na watu wanadhani ni "mtandao".

Halafu kuna zile za kujitakia. Mtu analeta ruta ya nyumbani ili apate waifai mezani kwake, anaichomeka ukutani. Sasa ofisi ina ruta mbili zinazogawa anwani, na kompyuta inayochukua anwani kwa ile ya kigeni inapotea njia. Au mtu wa usafi anaona waya unaning'inia, anauchomeka kwenye tundu la swichi ileile ulikotoka. Data zinaanza kuzunguka hapo hapo mpaka wote wanakwama. Na ukiona anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, jua iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Usidhani haya ni ya ofisi ndogo tu. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, mtandao wake wa ndani ulizidiwa na data zilizokuwa zikizunguka. Kwa takriban siku nne madaktari walirudi kwenye karatasi. Mkuu wa TEHAMA wa hospitali, John Halamka, hakuishia kusema mtandao uko chini. Alieleza hadharani kilichoharibika na walichobadilisha, na wengine wakajifunza.

Huku kwetu neno "mtandao" limekuwa kama hali ya hewa. Halina mwenyewe, halina wa kuulizwa. Kwa maoni yangu, ofisi inayomrudisha mwananchi ingemwambia angalau ni wa nje au wa ndani, na ichukue namba yake ya simu ili imwite ukirudi. Wa ndani una mwenyewe: ofisa TEHAMA, na bosi wake anayesaini ununuzi wa swichi na betri ya akiba. Betri ya kubeba swichi peke yake ni ndogo, maana swichi inakula umeme kidogo sana.

Kuna ofisi, sitaitaja, nilisubiri kuanzia saa tatu asubuhi. Mtandao ulikuwa unakata na kurudi, "wiki ya pili sasa," walisema. Mchana fundi aliinama chini ya meza na kucheka. Swichi ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni yenye matundu manne, na yote yamejaa. Kila mtu aliyetaka kuchaji simu alikuwa anachomoa adapta moja asiyojua ni ya nini.


Nilihudumiwa saa nane.