Neno "leo" katika majaribio ya programu

Watengenezaji wa programu huziandikia majaribio yanayojiendesha yenyewe: kompyuta inaulizwa, jibu lake linalinganishwa na lile linalotarajiwa. Jaribio likifaulu mchana na kuanguka usiku, ilhali hakuna aliyegusa programu, wengi hulirudia mpaka lifaulu, kisha husingizia umeme au mtandao. Napinga desturi hiyo. Kuanguka huko kuna sababu, na mojawapo sisi wa isimu tunaijua vizuri: neno "leo".

"Leo" haieleweki mpaka ujue nani anasema, wapi na lini. Hapa Bukavu ikiwa saa sita na nusu usiku, tarehe 2 imekwisha kuingia. Kinshasa bado ni saa tano na nusu, tarehe 1. Jaribio linalotarajia tarehe ya Bukavu, likiendeshwa kwenye kompyuta inayofuata saa za Kinshasa, litaanguka kila usiku kwa muda wa saa moja, kisha litapona lenyewe. (Na umeme wetu hupenda kurudi saa hizo hizo.) Kama programu ni ya kumkumbusha mgonjwa dawa, saa hiyo moja si mchezo.

Basi jaribio lisiiache programu itazame saa ya kompyuta. Liipe lenyewe tarehe, saa na eneo: Africa/Lubumbashi, jina ambalo kompyuta hutumia kwa saa za mashariki ya Kongo. Halafu lihakikishe kwamba "saa tatu asubuhi" inasomwa 9:00, si 3:00. Jaribio hilo la mwisho mhandisi asiyejua Kiswahili hataliandika, tuliandike sisi.