Pikipiki ikiibiwa leo, nani analipwa?

Makamanda, leo siandiki kuhusu uchaguzi wala katiba. Naandika kuhusu karatasi ambayo kila kijana wa bodaboda hapa Sumbawanga anadaiwa na trafiki, lakini vijiweni karibu hakuna aliyeisoma: bima.

Nianze na yangu. Pikipiki yangu ya mwisho niliichukua kwa mkataba, kama wengi wetu. Kadi ina jina la bosi, mimi napeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, mkataba ukiisha chombo kinakuwa changu. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili. Usiku mmoja abiria akanikodi kuelekea Laela. Tulipoziacha taa za mji wakatokea wenzake wawili barabarani. Nashukuru Mungu nilirudi na uhai. Chombo kilikwenda.

Asubuhi nikaenda polisi, nikapewa RB, nikakimbilia kwenye bima nikiwa na matumaini kabisa. Dada aliyenipokea akaangalia karatasi yangu, akasema, "Pole sana kaka. Hii ni bima ndogo, haihusiki na wizi." Nikampigia bosi. "Dogo, mkataba ni mkataba. Malizia hesabu." Basi nikalipa miezi miwili kwa vibarua vya kubeba mahindi, nalipia pikipiki ambayo sijui inatembea wapi.

Tusidanganyane: yule dada hakukosea. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine. Nikimgonga mama anayepanda kutoka Muze na mzigo wake, bima ndogo ndiyo inayomlipa yeye. Hilo ni jambo jema, silipingi. Lakini mimi na chombo changu hatumo. Anayetaka kulipwa kwa wizi, moto au ajali ya chombo chake mwenyewe lazima akate bima zaidi ya hii ndogo, kama bima kubwa, na ile ni ghali. Shida ni kwamba siku ya kukata hakuna aliyeniambia tofauti. Nililipa, nikaondoka nikijua nimekingwa.

Na hata ningekuwa na bima kubwa, bado nisingepona. Nilipousoma ule mkataba baadaye, jina langu halikuwepo popote kwenye mambo ya bima. Kadi ya bosi, bima ya bosi, fidia ya bosi. Jasho la miezi yote ile lingelipwa kwa mtu mwingine, kihalali kabisa.

Wenye Noah na Fuso nao wasicheke. Gari likianguka kwenye mteremko wa Lyamba na kuonekana halitengenezeki, kwa kawaida kampuni inaangalia thamani ya gari siku ile ya ajali, siyo bei uliyonunulia. Ukiliandikisha kwa milioni 6 ili upunguze malipo wakati lina thamani ya milioni 12, usitegemee kulipwa zaidi ya hizo 6. Hapo bado hujakatwa kile kiasi ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe. Na ukilipwa gari zima, usishangae mabaki yakichukuliwa na kampuni.

Kwa hiyo vijana wenzangu, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA-MIS, maana wapo wanaouza karatasi tupu. Ukiibiwa, ripoti polisi siku hiyohiyo, chukua RB, ipe kampuni taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukipata ajali, usitengeneze chombo kabla hakijakaguliwa. Usisaini hati ya kukubali malipo kabla hujaelewa kiasi na maana yake. Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi, upeleke malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Lakini hapo ndipo siasa inapoanza. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliwaweka TIRA na Msuluhishi ili mnyonge apate pa kusemea. Ofisi ya Msuluhishi iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Mfumo wa kumkamata kijana asiye na stika unafika mpaka Mtowisa. Kwa nini mfumo wa kumsikiliza aliyedhulumiwa usifike?

Tunataka mambo matatu, na madiwani na wabunge wetu wayabebe. Kwanza, ukurasa wa mbele wa kila bima uandikwe kwa Kiswahili cha wazi: hii inalipa nini, na hailipi nini. Pili, anayekodisha pikipiki kwa mkataba alazimike kukata bima kubwa, na mkataba useme dereva anapata sehemu gani ya fidia kulingana na alichokwisha kulipa. Tatu, kila halmashauri iwe na mtu wa kupokea malalamiko ya bima na kuyafuatilia mpaka mwisho.

Wakati tunayapigania hayo, kesho kabla hujawasha chombo toa ile karatasi uisome. Halafu mwulize bosi wako, kwa heshima lakini bila woga: hii pikipiki ikiibiwa leo, nani analipwa? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba, nyote wawili msaini.