Kabla ya simu mpya, nunueni mzani



Kila baada ya mauzo naona simu mpya mikononi mwa vijana wetu. Sina ubaya na hilo. Mtu amelima, amepalilia, amevuna, pesa ni yake. Ila nikiuliza, "Kikundi chenu kina mzani?" jibu ni lilelile: mzani anakuja nao mnunuzi. Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipo. Simu ni kifaa kizuri sana kwa mkulima wa biashara, lakini mwenye simu janja asiye na mzani bado anauza kwa kukadiria, na anayemkadiria ni yule anayetaka kununua kwa bei ya chini.

Wazee wanasema simu imeharibu vijana. Vijana wanasema kila kitu kipo kwenye simu. Mimi sikubaliani na upande wowote. Tuziweke faida na hasara pamoja, halafu kila mtu aamue pesa yake iende wapi kwanza.

Simu inatupa nini

La kwanza ni habari ya bei. Sisi watu wa Tabora tunajua thamani ya habari, maana tumekaa kwenye njia ya misafara. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Tabora, wakati ule ikiitwa Kazeh, mwezi Novemba. Bei ya pembe kule pwani ilikuja kwa miguu, mwendo wa wapagazi wa Kinyamwezi. Leo kijana wa Ziba anapiga simu tatu tu, anajua mpunga unakwendaje Igunga, Nzega na Kahama kabla dalali hajamaliza kunywa chai. Hiyo ni nguvu ambayo babu zetu hawakuwa nayo.

La pili ni huduma. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo si lazima mtu apande bodaboda na laki nane mfukoni. Mbolea ya ruzuku tangu 2022 inakwenda na usajili wa mkulima na namba yake ya simu. M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo unaipata kwa *152*00#, hata kwenye kitochi, bila bando. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bila simu janja huwezi kitu.

La tatu ni utambuzi wa wadudu na magonjwa. Kuna programu inaitwa PlantVillage Nuru. Unailekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo au mhindi, inakusaidia kutambua magonjwa ya muhogo na uharibifu wa viwavijeshi vamizi. Ukishaipakua inafanya kazi shambani hata pasipo mtandao. Hii ni faida halisi ya simu janja, na naipendekeza.

Inapotuacha

Sasa tuje upande wa pili. Simu inakwambia bei ya gunia, haikwambii gunia lina kilo ngapi.

Tuchukue mfano. Umesoma kwenye kundi la WhatsApp kwamba mahindi ni shilingi 60,000 kwa gunia. Gunia la kilo 100 maana yake ni shilingi 600 kwa kilo. Mnunuzi anakuja, bei anakubali bila ubishi, lakini gunia lake limeshonewa kichwa. Ile lumbesa ukiipima inakuta kilo 125. Umeuza kilo kwa shilingi 480. Kwa magunia 20 umempa kilo 500 za bure, sawa na shilingi 300,000. Na jioni unaandika kwenye kundi: "Nimeuza 60." Mwenzako anasoma, na yeye anauza 60. Habari imefika haraka, lakini ni habari mbovu.

Lumbesa imekatazwa kisheria, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Lakini afisa wa vipimo hawezi kusimama kwenye kila uwanja wa kupigia mpunga. Pale uwanjani upo wewe.

Hata kwenye njia ya misafara tatizo lilikuwa hilihili. Nguo zilipimwa kwa mkono na kwa doti, doti moja ni mikono minane. Sasa mkono wa nani, mrefu au mfupi? Mwenye kushika kipimo ndiye mwenye nguvu, iwe ni mkono, debe au mzani.

Picha nazo zina mpaka wake. Kila wiki napokea picha ya jani moja la njano na maneno, "Bwana shamba, nipige dawa gani?" Jani la njano linaweza kuwa ni upungufu wa naitrojeni, linaweza kuwa ni maji yamesimama kwenye mizizi, linaweza kuwa ni ugonjwa. Picha ya jani hainionyeshi udongo wala mzizi. Ndiyo maana nasisitiza kukagua kwa miguu: ingia asubuhi au jioni, simama sehemu tano, kila sehemu angalia miche kumi, funua moyo wa mhindi utafute kiwavi na kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Pamba nayo, hesabu funza wa vitumba, usikadirie. Ukija kwangu na hesabu, hata ukinipigia kwa kitochi, nitakusaidia vizuri kuliko aliyetuma picha moja safi.

Hali ya hewa vilevile. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kwa mikoa yetu hii. Usome, upange mbegu zako kwa kuufuata. Lakini utabiri unazungumzia eneo kubwa. Mvua inaweza kunyesha Simbo, Ziba ikabaki vumbi. Simu haijui shamba lako limepata milimita ngapi jana usiku.

Halafu kuna pesa. Simu hiyohiyo inayoingiza pesa ndiyo inayoitoa. "Ile pesa tuma kwenye namba hii" mnaijua wote. Usimruhusu mtu aondoke na mzigo kwa kukuonyesha meseji, maana meseji hutengenezwa. Fungua salio lako mwenyewe kwanza. Piga *106# uone laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako, na kama namba yako ya ruzuku iko kwenye laini ya shemeji, badilisha sasa, siyo wakati wa kupanda. Namba za matapeli zitume 15040.

Mikopo ya haraka ndiyo inayonitia hofu zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha kidijitali bila leseni. Kilimo chetu kinalipa mara moja kwa mwaka. Mkopo wa kulipa ndani ya wiki mbili au mwezi haukutengenezwa kwa mtu anayesubiri pamba ifunguke. Ukiuchukua Februari, utauza mahindi mabichi Machi ili uulipe. Na kubeti sitaki hata kulizungumzia, mnajua wenyewe mbolea za watu zilikoishia.

Ninachoshauri

Nasema hivi: ukiwa na kitochi kinachofanya kazi, shilingi yako inayofuata isiende kwenye simu. Iende kwenye vifaa vidogo vya kubeba vinavyopima.

Cha kwanza ni mzani wa kuning'iniza. Unaingia kwenye begi, unafungwa kwenye mti au kenchi, unapima gunia. Kwa kuhakiki mzigo wako unatosha. Mkitaka kuutumia kuuzia watu, upelekeni kwanza Wakala wa Vipimo ukaguliwe. Mzani ukiwepo, mazungumzo na mnunuzi yanabadilika. Badala ya "gunia shilingi ngapi?" mnaongea "kilo shilingi ngapi?" na lumbesa inakosa pa kujificha.

Cha pili ni kipima unyevu wa nafaka. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu. Ukiyaweka mabichi yanaota ukungu, na mwenye ukungu hapangi bei, anapokea. Mnunuzi akisema "haya mabichi, napunguza," wewe unamwonyesha namba.

Cha tatu ni kipimamvua, ili uandike mvua ya shamba lako, siyo ya wilaya nzima.

Najua kitakachosemwa: "Bwana shamba, vitu hivyo ni ghali." Kwa mtu mmoja, sawa. Lakini mzani hautumiki kila siku kama simu. Watu watano hadi kumi wanaweza kumiliki mzani mmoja na kipima unyevu kimoja, na wasigombane wakiweka daftari la zamu. Na wakati mnachanga, anzeni na njia za bure. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado, yarudishe juani. Kipimamvua nacho, kopo lililonyooka pembe zote, liwekwe mahali pa wazi mbali na miti, na rula ya mtoto wa shule, vinatosha kuanzia.

Baada ya hapo simu inakuwa na kazi ya maana. Uzito uliopima, andika kwenye simu. Mvua uliyopima, andika. Risiti ya mbegu na dawa, piga picha uitunze. Na kwenye kundi acheni kuandika "gunia 60." Andikeni hivi: zao, bei ya kilo, unyevu, mahali, tarehe. Kundi la watu ishirini wanaoandika hivyo kwa msimu mmoja litajua soko la Ziba kuliko dalali yeyote anayeshuka hapa.

Wale wenye vikundi tayari, jadilini hili kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya mavuno, siyo baada. Mkishapata mzani niiteni, nitakuja tuujaribu pamoja kwenye gunia lililopo ghalani. Leteni hata lile mlilokwisha kuliuza kwa macho. Tulipime tuone.