Mwaka mpya wa Wamalayali una funzo kwetu watu wa pwani

Hapa kwetu pwani, zikitajwa sikukuu za Wahindu, fikira za wengi wetu huenda moja kwa moja kwenye mahekalu na sanamu, na mazungumzo hukoma hapo. Mimi naona huko ni kujipunja. Sikukuu yoyote ya kale ina mambo mawili: ibada, ambayo ni ya wenyewe, na elimu ya ardhi, mvua na chakula, ambayo kila mwenye akili ana fungu lake. Leo nataka tulitazame hilo la pili katika Vishu, mwaka mpya wa Wamalayali, watu wa Kerala katika pwani ya Malabar, Bara Hindi.

Vishu huangukia tarehe 14 au 15 Aprili, siku ya kwanza ya mwezi wao uitwao Medam, jua liingiapo katika buruji ya Hamali. Kalenda yao ya Kollam, iliyoanza kuhesabiwa mwaka 825, hufungua mwaka katika mwezi wa Chingam, kati ya Agosti na Septemba. Lakini Vishu ni mwaka wa jua, mwaka wa mkulima. Ndipo ardhi ipigwapo jembe la kwanza, kungojea mvua za kusi ambazo kwa kawaida hufika huko mwanzo wa Juni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, mama au bibi mkubwa wa nyumba hupanga kile wakiitacho kani, yaani kitu cha kwanza kutazamwa. Huchukua chombo kipana cha madini, akatia mchele, tango la manjano, nazi iliyopasuliwa, embe, fenesi, tambuu na popoo, wanja, nguo mpya, sarafu, dhahabu na kioo. Juu yake huweka maua ya mkonna, mti utoao vishada vya manjano majira hayo ya joto. Kando huwashwa taa, na Wahindu huweka na sanamu ya Krishna. Kabla ya alfajiri huwaamsha watoto mmoja mmoja, akawaongoza huku macho yamefumbwa, hata wafike mbele ya chombo ndipo wayafumbue. Mgonjwa asiyeweza kuinuka hupelekewa kitandani. Hata ng'ombe zizini hawakusahauliwa zamani.

Kisha wazee huwapa vijana fedha, na mwenye nyumba huwapa watumishi wake. Watoto hulipua fataki, na jiko huanza kazi.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo mtu wa Lamu au Mombasa atakapojiona nyumbani. Upande wa Thrissur hupika vishu katta: mchele wa mavuno mapya uliopikwa kwa tui la nazi, bizari nyembamba na tangawizi hata ukagandamana, ukakatwa vipande na kuliwa na sukari guru. Kuna mchuzi wa maembe mabivu yaliyopikwa mazima katika maziwa ya mgando na nazi ya kusaga. Kuna mboga zilizokaangwa na nazi iliyokunwa. Vyote huandaliwa juu ya jani la mgomba na kuliwa kwa mkono. Desturi ya wengi ni kutotia nyama, ingawa kaskazini ya Malabar wapo wasiokubali sikukuu bila samaki au kuku. Na kati ya vitamu hivyo huletwa kidogo kitu kichungu, kilichotiwa mwarobaini, ili mlaji akumbuke kuwa mwaka hauji na asali peke yake.

Mfanano huu si wa kubahatisha. Pepo zilizosukuma majahazi yetu ndizo zilizosukuma yao. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika Calicut. Mwaka 1498 Vasco da Gama alichukua rubani Malindi na kwenda hadi huko huko. Waislamu wa Malabar, Wamappila, ni Mashafii kama sisi, na kitabu cha Fat-hul-Muin kisomwacho katika vyuo vyetu kilitungwa na mwanachuoni wa Ponnani katika pwani hiyo.

Lakini yapo ya kusikitisha. Katikati ya miaka ya 1970 Kerala ililima mpunga katika hekta zaidi ya 800,000. Leo zimebaki karibu 200,000. Mabonde yamejengwa nyumba au kupandwa mazao ya biashara, na wana wa nchi wamekwenda Ghuba kutafuta riziki. Mchele na mboga nyingi za Vishu sasa huletwa kwa malori kutoka Tamil Nadu na Andhra Pradesh. Madukani kunauzwa maua ya mkonna ya plastiki. Huko Dubai na Muscat mahoteli huuza chakula cha sikukuu kikiwa tayari. Siwalaumu, mtu aliye mbali na kwao hula apatacho. Ila nauliza: sikukuu ya mavuno isiyo na shamba itaishi vizazi vingapi? Mtoto atafumbua macho aone mchele, naye hajapata kuona mpunga ukipepetwa.

Wapo watakaoniuliza, Muislamu ana haja gani na haya? Nawajibu kwamba kujua si kuabudu. Kuamini kuwa kitu ukionacho kwanza asubuhi ndicho kitakacholeta heri ya mwaka, hilo si letu. Heri na shari zatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini kujua jua li wapi, mvua yaja lini na nini kipandwe, hiyo ni elimu. Mwezi wetu wa Hijria hutuongoza katika saumu na haji, nao hutangulia jua kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Kwa hiyo hauwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini atweke.

Wazee wetu walilijua hilo, nao walikuwa Waislamu thabiti. Ndiyo maana walihesabu Nairuzi, Siku ya Mwaka, siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ulikuwa na habari zake za upepo, samaki na kilimo. Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa mwezi wa Julai. Kwingi katika pwani yetu, kijana ukimtajia mwongo hudhani wazungumza habari za mtu mrongo.

Rai yangu ni hii. Tusingoje wageni waje kutuandikia. Kila chuo, kila skuli na kila nyumba yenye mzee aliyevua au aliyelima, na aulizwe hesabu ya miongo, majina ya pepo na vyakula vya kila msimu, iandikwe daftarini. Wamalayali bado wana chombo cha kuwaonyesha watoto wao, japo maua yake yaanza kuwa ya plastiki. Sisi tukikawia, hata hicho chombo hatutakuwa nacho. Mwacha mila ni mtumwa.